Kifusi Kinachorudi

Owuor aling'oa jiwe, akampa Makokha. Makokha akampa Khisa, na Khisa akalibwaga nyuma yao, juu ya reli zilizoliwa na kutu. Kisha jingine. Taa ya mafuta ilining'inia kwenye msumari ukutani, na mwali wake ulilala upande mmoja ingawa handakini hamkuwa na upepo.

"Jana tulifika hapa," Owuor alisema, akigusa alama ya chokaa aliyokuwa ameichora mwenyewe. Kifusi kilikuwa kimeipita tena. "Nani anarudisha mawe haya?"

"Mlima," Makokha alijibu. "Wewe unaubomoa mchana, nao unajijenga usiku. Umeshamwonja mtu, bwana. Hautaki kumtema."

Owuor hakucheka. Mtu huyo alikuwa baba yake. Paa lilimwangukia mzee Achola akiwa kazini na genge lake, na njia mpya ya reli ya kupanda Mau ilipojengwa, handaki likaachwa naye ndani. Lakini kule kwao Alego, mama yake Owuor alikuwa bado anafyeka nyasi kila mwezi mahali pa kaburi lisilokuwapo. Mtu halali ugenini, alisema. Sasa Owuor alikuwa amehamishiwa Kampala, na likizo yake ilikuwa inaisha kesho yake.

"Tungeingilia mdomo wa pili wa handaki, tungeshampata," Makokha alisema.

"Ule uko msituni. Tangu Hali ya Hatari itangazwe askari wameufunga msitu, wanapiga risasi kabla ya kuuliza."

"Basi tungekuwa na Wanyoike, mwenzetu wa genge. Hata baada ya behewa kumla kidole, jamaa yule alichimba kama watu wawili. Askari walipowakusanya Wakikuyu, sijui walimpeleka kambi gani, au hata kama walimpata."

"Liache jina hilo," Khisa alisema. "Wewe hata kanisani huwezi kunyamaza. Siku moja mdomo wako utanyonga mtu."

Akakohoa. Kule ndani, kifusi nacho kikakohoa.

"Sikieni mwangwi!" Makokha alicheka. "Umeuambukiza kifua!"

Walikula wameegemea ukuta. Khisa alikuwa ameleta viazi vya Mau Narok, mfuko mzima, lakini kama siku zote hakugusa hata kimoja.

"Unamwekea nani? Bibi wa handakini?" Makokha aliuliza.

"Vumbi limenishibisha."

Alasiri Owuor aling'oa jiwe kubwa, na hewa ya baridi ikampiga usoni. Tundu. Akaingiza mkono hadi begani, akapapasa, hakugusa kitu.

Ndani, mtu akakohoa.

Khisa akakohoa upesi, kwa nguvu, lakini alikuwa amechelewa. Karai likamponyoka Makokha.

"Baba?" Owuor aliita polepole ndani ya tundu. "Baba, ni mimi."

Owuor alibaki pale, shavu limegusa mawe, mpaka Khisa akamshika bega.

"Jua linashuka, ndugu yangu. Kafyu ikitukuta njiani, ni sisi tutakaotafutiwa makaburi."

"Kesho ndiyo siku yangu ya mwisho."

"Kesho utampata."

"Umejuaje?"

"Twende."

Waliteremka kuelekea Nakuru. Makokha akawa anageuka nyuma mara kwa mara. Khisa hakukohoa njia nzima. Walipofika kwenye daraja bovu akasimama, akajipapasa.

"Nimesahau mfuko wangu. Tangulieni, nitawafikia."

"Utarudi mle peke yako?" Makokha aliuliza. "Pamoja na ile sauti?"

"Ni mwangwi tu."

Handakini Khisa aliwasha taa, akaipunguza mpaka ikabaki ndogo kama punje ya mahindi. Akapiga magoti mbele ya tundu, akaanza kurudisha mawe, moja moja, kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kazi yake.

Kutoka ndani likasukumwa buti lililooza. Likafuata la pili, kisha gunia lenye vitu vilivyogongana kama kuni kavu.

"Ni yeye, mifupa yote," sauti ilisema, ikakohoa. "Nimemtafuta siku zote hizi. Mwache Owuor aende naye nyumbani."

Khisa aliifukia mifupa na buti chini ya mawe ya mbele, pale sururu ya Owuor ingeanzia kesho. Kisha akaupenyeza mfuko wa viazi tunduni, na mkono wenye vidole vinne ukaupokea.