Damu Haichechemei

Jumatatu Jael alichechemea mguu wa kulia. Jumatano, kwa haraka zake, akasahau akachechemea wa kushoto.

"Mama Billy," Batul akamwita kutoka mbele kwenye bomba, "ugonjwa wako umehama lini?"

Foleni nzima ikacheka. "Shosho, kesho unahamia wapi?" kijana mmoja akadakia, akimwita bibi kwa utani. Jael akautoa mkongojo kwapani, akaguna kama ajuze, akaipita mitungi yote kama haioni.

Sheria ya bomba hilo la Kibera ilijulikana na kila mtu: aliyefika miaka sabini hapangi foleni. Maji yalikuja mara mbili kwa wiki, na foleni yake, we wacha tu. Jael alikuwa na miaka hamsini na minane. Lakini ikifika saa moja asubuhi alitakiwa awe ameshainama juu ya karai la nguo za watu kule mtaa wa Ayany, na mwenye nguo alikuwa amekwisha fukuza wawili kabla yake kwa kuchelewa. Basi mwezi wa Januari Jael akaamka na miaka sabini na mmoja, akajifunga leso kichwani, akaazima mkongojo kwa jirani.

Kitambulisho je? "Karani alikosea," alisema. Na nani Kibera hajawahi kukosewa na karani?

Batul hakumeza hiyo. Yeye alikuwa na miaka sabini na mitano, yote ya halali, na alikuwa mkali kama pilipili. "Siku za mwizi ni arobaini, Mama Billy," alimwambia. "Na mimi nahesabu."

Mwezi wa Mei wakaja watafiti wa chuo kikuu kuchunguza jinsi watu wanavyozeeka. Daktari Muli, kijana mpole wa miwani, akasimama katika ukumbi wa kanisa akaeleza kwamba watu wawili wanaweza kuzaliwa siku moja, na mwili wa mmoja ukachakaa kabla ya wa mwenzake. Damu huonyesha.

"Kwa hiyo nieleweni," alisema. "Siku ya kuzaliwa siyo tunayo..."

"Maji yamerudi!" mtu akapiga kelele nje. Ukumbi ukabaki na viti.

Opondo, mwenyekiti wa kamati ya bomba, alikuwa amesikia nusu, na hiyo nusu ilimtosha.

"Hao wanasoma umri kwenye damu," akatangaza bombani.

"Basi tumalize maneno," Batul akasema. "Mimi na Mama Billy tupimwe, na majibu yasomwe hapa hapa, watu wakisikia."

"Sawa," Opondo akasema. "Kitambulisho huandikwa na karani, damu haina karani. Atakayekutwa chini ya sabini, anarudi nyuma."

Jael angekataa vipi? Kukataa ni kukiri. Siku ya kupimwa akatembea hatua kumi za daktari kama anayesindikiza jeneza. Akapewa chuma cha kupima nguvu za mkono, akakishika kama yai.

"Usijali, mama," Muli akamwambia huku akimfunga mpira mkononi. "Hizo ni za kumbukumbu tu. Umri tunautoa kwenye damu peke yake."

Jael akaiangalia damu yake ikipanda ndani ya kichupa. Mguu unaweza kuuambia uchechemee. Damu utaiambia nini?

Wiki sita alizongoja majibu zilimtesa. Alifika hata mtaa wa Kabiro, akauliza vyumba vya kupanga, maana afadhali kuhama kuliko kupanga foleni nyuma ya watu uliowaruka tangu Januari. Mwenye nyumba akamwambia maji huko ni shida zaidi. Akarudi.

Bahasha zikaja, kila mtu na yake. Batul akampa Opondo ya kwake bila hata kuifungua, na Jael hakuwa na budi kutoa yake.

"Umri wa mwili," Opondo akasoma, "miaka sitini na... na miwili."

Watu wakangoja moto uwake.

"Sitini na ngapi?" Batul akauliza.

"Na miwili."

"Sema kwa sauti, hao wa nyuma hawajasikia!"

Opondo akasema kwa sauti. Batul akajipigia kigelegele mwenyewe, akanyakua mtungi wake, akawaambia wa mbele, "Kwaherini, wazee," na akaelekea mwisho wa foleni akitembea kwa maringo kama bibi harusi.

Jael akapiga hesabu. Kama Batul wa sabini na mitano ameambulia sitini na miwili, yeye ataambulia ngapi? Arobaini na kitu! Aki leo ni leo. Aliwaona wote aliowaruka, mmoja mmoja. Heri aseme mwenyewe.

"Opondo, usisome. Ngoja niwaambie watu ukweli."

Lakini bahasha yake ilikuwa imekwisha pasuliwa, na Opondo alikuwa ameduwaa.

"Sabini na mitatu!" akasema. "Mama Billy, kumbe siku zote ulikuwa unajipunguzia!"

Vigelegele vikapanda. Foleni ikafunguka katikati. Mtu akaleta kigoda, na yule kijana akaja mbio, safari hii bila utani: "Shosho, pole. Leta mtungi nikushikie."

Jael akaitazama karatasi, kisha vidole vyake vilivyopasuka kwa sabuni. Akaupapasa mkongojo, na kwa mara ya kwanza tangu Januari, akauegemea kweli.