Dumu la Mchanga

Bondia Mahimbo, aliyebakiza siku tatu kupanda ulingoni, alikuwa uani akinyanyua dumu la mchanga. Alipofika mara ya kumi, mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka.

“Mkono huo umeanza lini, baba Pili?” mkewe, Siwema, aliuliza.

“Uchovu tu.”

Siwema alilichukua dumu, akamwaga mchanga nusu, akamrudishia. Mkono ukaendelea kutetemeka. Akamwaga wote.

“Shika sasa.”

Mahimbo alilinyoosha dumu tupu mbele yake, akauma meno. Chembe zilizobaki ndani zikawa zinachakacha. Wakasimama wote wawili kuzisikiliza.

“Kocha anajua?”

“Hajui.”

Siwema akauvuta mkono ule, akaanza kuifungua bendeji ya ngumi ambayo mumewe alijiviringishia alfajiri. Mahimbo alikuwa amechoka, hakumzuia.