Kibuyu Kilichonyimwa Pumzi

Paliondokea Nyegere, mchoyo hata wa harufu. Alipotia asali na maji kibuyuni ili vichachuke viwe pombe, aliuziba mdomo wa kibuyu kwa nta, majirani wasije wakanusa.

“Mzee, funika kwa jani tu!” Panya Buku alimsihi. “Kinachochachuka kinapumua.”

“Kwani kina mapafu?” Nyegere alicheka, akakikumbatia kibuyu chake.

Siku ya tatu kibuyu kikaanza kunguruma. Nyegere akafurahi: pombe imeiva! Akakibana zaidi kifuani.

Pwaa! Kibuyu kikapasuka, pombe ikammwagikia Nyegere toka kichwani hadi mkiani, na harufu ikawaita majirani wote. Wakamzunguka, wakamlamba mpaka masikio.

“Kweli mapafu hakina, Mzee,” alisema Panya Buku akijipangusa midomo. “Ila pumzi kinayo. Haya, geuka, mgongoni hatujafika!”