Chupa ya Jumatatu

"Kabla hujatia saini, mzee, kuna jambo moja tu hapa." Mhandisi, ameketi sebuleni kwa mzee, aliweka kidole kwenye mstari mwekundu ndani ya faili. "Miaka kumi hii ya mwisho maji ni safi, halafu katikati unakuja mwezi mmoja wa sumu tupu. Hapa palitokea nini?"

Mzee alijua vizuri palitokea nini. Yeye mwenyewe ndiye aliyetokea.

Alikuwa mtunzaji wa kiwanja cha kiwanda cha rangi kilichofungwa, kiwanja kilichopakana na nyumba yake na ambacho hata wezi walikuwa wamekisusa. Mtaani walimwita Daktari wa Matope, naye alikuwa wa kwanza kucheka. Mgonjwa wake, ile ardhi yenye sumu, hakuwa akiamka wala kusema, na ahsante hajawahi kuitoa. Kazi yenyewe ilitaka subira kuliko akili, ndiyo maana, alipenda kusema, walimpa yeye. Kila Jumatatu alichota maji kwenye kisima cha kupimia, akajaza chupa moja, akabandika lebo aliyoiandika kwa mwandiko wake bora. Kesho yake asubuhi tarishi wa maabara aliipitia.

Miaka mitatu ya kwanza majibu yalikuwa ya kutia kichefuchefu. Mwaka wa nne ulikuja na mikosi na baraka pamoja: paa la ofisi likavuja, friji ya ofisi ikafa, chupa ikawa inalala nyumbani kwake, na yeye akapanda matete kuzunguka kisima kwa sababu tu alisoma mahali kwamba matete hunywa uchafu. Lo! Maji yakatakata ghafla. Wataalamu walikuja na kamera kuyapiga picha matete. Naye walimpiga, ila kichwa hakikutokea.

Sasa imebaki saini yake tu. Akishaiweka, kiwanja kinakuwa shule ya awali, na jina la kwanza kwenye orodha ya watoto ni la mjukuu wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa ameshachagua na pembe atakayochimba mashimo. Mzee alikuwa radhi kufanyia mzaha kila kitu chini ya jua, lakini si yule mtoto. Kama kungekuwa na tone moja la wasiwasi, asingeishika hiyo kalamu.

"Nilieleza kwa barua," alisema, masikio yakimwaka. "Imo humo kwenye faili."

Mhandisi, binti wa umri wa kitinda mimba wake, aliipekua akaipata. Akaisoma kwa sauti.

"Wakubwa zangu, kosa ni langu. Mwezi huu mke wangu yuko kwao, anamuuguza mama yake, nami nimebaki peke yangu. Nimeunguza sufuria tatu. Nimefua shati jeupe pamoja na soksi nyekundu. Bila shaka na chupa sikuzisuuza inavyotakiwa. Matete hayana hatia. Naomba radhi."

Mhandisi alicheka mpaka akafuta machozi. Chini ya barua mtu wa maabara alikuwa ameandika maneno matatu: kosa la usafi.

"Pole, mzee wangu. Basi hilo limekwisha."

"Mwanamume akiachwa peke yake ni mzigo, mwanangu," alisema mzee. "Hata chupa inajua."

Mkewe aliingia na sinia la chai. Huyu alikuwa mwanamke anayeosha kwanza sabuni ndipo aoshee vyombo, na kwake kiwanda kiliishia mlangoni. Viatu nje, ovaroli nje, maneno ya kazi nje. Mume akirudi, chupa kwenye friji, mwenyewe moja kwa moja bafuni. Miaka yote hiyo mzee alitii bila kinyongo. Alijua fika nani mkubwa wa nyumba.

"Mnacheka nini na mimi nicheke?" aliuliza.

"Barua ya mzee, mama. Ule mwezi uliomwacha na sufuria."

Akasomewa upya. Kwenye soksi alicheka mpaka akaweka sinia chini. Mzee naye akacheka, akaikunja mikono ya shati, akavuta karatasi. Hiyo saini alikuwa ameifanyia mazoezi juma zima nyuma ya kalenda, kama mtu mashuhuri. Akaanza kuandika jina lake, polepole, kwa raha zake.

"Lakini masikini, baba," mkewe alisema, akimimina chai. "Miaka yote umejilaumu bure. Kosa lilikuwa langu. Niliondoka mbiombio bila kukuachia maagizo."

"Maagizo gani?"

"Ya ile chupa. Wee, ulidhani ningelaza sumu humo kwenye friji, ubavuni mwa maziwa ya mtoto? Kila Jumatatu, wewe ukiingia tu kuoga, mimi huyo na chupa. Tena siimwagi hapa uani, watoto wanacheza. Natoka mlango wa nyuma, naenda kuimwaga kule kule, kwenye matete yako."

Kalamu ilikuwa imefika nusu ya jina.

"Na chupa, mama?" mhandisi aliuliza, kwa sauti isiyofika hata mlangoni.

"Naisugua, mwanangu, naijaza maji ya kuchemsha. Aibu iliyoje kuwapelekea wakubwa chupa tupu!" Akamtazama mumewe kwa mapenzi. "Ila lebo sijawahi kuigusa. Ule ni mwandiko wake."