Miche ya Tumwitike

Mbegu za siku hizi huzoea pumzi za nyumba moja. Akiinama mtu wa nyumba hiyo, miche humgeukia. Akiinama mgeni, hutulia kama haijaona mtu.

Mwaka huu kwa mara ya kwanza tulipanda nje wakati wa kipupwe, ndani ya madumu yaliyokatwa, baridi ya Makete ikigandisha umande juu yake. Mbegu zangu zilioza. Za jirani yangu Tumwitike, mjane, ziliota zikajaa dumu. Nikaacha hata kumsalimia.

“Baba Edina,” nilimuuliza mume wangu, “huyu mwanamke ana nini nisichonacho?”

“Ana subira. Mwache.”

Sikumwacha. Nilimburuta mume wangu mpaka kwake, nikaombe miche ya kabichi. Tumwitike alifunua dumu taratibu. Niliinama, miche haikutikisika.

“Haikujui, dada,” alisema, macho chini.

Mume wangu alikuwa amesimama mbali, karibu na uzio.

“Njoo uone,” nikamwita.

“Nimeshaiona.”

Nikamfuata, nikamshika mkono, nikamwinamisha juu ya dumu. Miche yote ikamgeukia.