Hotuba ya Jogoo Kwenye Beseni

Katika banda moja la uani, vifaranga watatu wa Kuku Madoa walikuwa wamekufa ndani ya wiki moja, wote wakihara damu. Alikuwa amebaki mmoja.

Baba yao, Jogoo Kilemba, akaitisha mkutano. Kwa kuwa hawezi kusema neno bila jukwaa, alirukia ukingo wa beseni la maji ya kunywa, akatunisha kifua.

“Kuna mchawi humu!” alifoka. “Bata, ni wewe na matope yako!”

“Shemeji, mimi nimekuja kutoa pole tu.”

“Kimya! Watoto wangu wanakwisha!” Kila alipopaza sauti, mkia ulitikisika na kinyesi kikadondoka majini, chubwi!

Kifaranga akasogea kunywa. Madoa akamzuia kwa bawa, akawaka.

“Baba watoto, geuka nyuma umwone mchawi wako!”

Jogoo akageuka. “Hiki? Mbona mimi mzima?”

“Wewe ugonjwa umeshakuzoea, unaubeba tu tumboni. Watoto wangu ndio wanaounywa, mpumbavu wewe!”

Hakungoja jibu. Alilipiga teke beseni, likapinduka na msemaji wake. Kisha akafukua maranda yote ya sakafuni yaliyolowa, akayatupa nje.

Wale watatu hawakurudi. Wa nne sasa ni tetea, na maji yake hukaa kwenye chombo chenye kifuniko.

Jogoo hajaacha kuhutubia. Ila kabla ya kufungua mdomo humwita Bata kwa sauti ya chini: “Shemeji, hebu niangalizie huko nyuma. Hakuna maji?”