Kisu Kipya cha Shemeji

Safu kumi na moja za mizabibu ziliungua mchana kweupe, na moto haukuwepo.

Majani yalijikunja, yakawa ya kahawia kuanzia kingoni, kisha yakaanza kudondoka juu ya vichala vichanga. Mwenye shamba alipita katikati ya safu akiyaponda kiganjani kama tumbaku. Ubwiri haukuwa huu. Ubwiri, ule ukungu mweupe unaojificha chini ya jani, aliujua tangu hajaota ndevu. Hii ilikuwa dawa. Dawa iliyopuliziwa juzi kuuzuia huo ukungu ndiyo iliyoyala majani.

Na dawa aliichanganya shemeji yake, kaka wa mkewe.

"Ulichovya kisu?"

"Nilichovya."

"Kikatokaje?"

"Kisafi."

Bonde zima linakijua kipimo hicho. Mrututu wa buluu, ile chumvi ya shaba inayotiwa kwenye dawa, peke yake ni moto. Chokaa ndiyo inayoupoza. Lakini chokaa ikikaa sana hufifia, na vipimo vya mwaka jana vinaweza kukutia hasara mwaka huu. Kwa hiyo kabla ya kupulizia unachovya kisu pipani, unahesabu hadi sitini. Kikitoka chekundu kwa shaba, ongeza chokaa. Kikitoka kilivyoingia, beba bomba uende.

Shemeji alifanya hivyo miaka ishirini na miwili kwa kisu kimoja cheusi cha mhunzi, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Msimu huu, wakati wa kupogoa, mwenye shamba alikitupa chooni kwa mkono wake mwenyewe. Akamkabidhi kipya cha dukani, kinachong'aa, kutu hakiijui.

"Usinitie aibu na lile kutu lako mbele za watu."

"Shemeji, hiki kisu au kioo? Nichovye au ninyoe ndevu?"

"Nyoa. Huenda ukapata wa kukuvumilia."

Walicheka siku ile mpaka mke akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Leo hakuna aliyecheka.

"Ulikuwa umelewa wewe."

"Wiki ya dawa sinywi. Unajua."

"Basi ulikuwa na haraka. Pipa umeshaliosha, limebaki neno lako tu."

"Neno langu limekutosha miaka ishirini na miwili."

"Toka shambani kwangu."

Shemeji akakiweka kisu kipya juu ya kifuniko cha pipa, taratibu, kama anayerudisha kitu cha kuazima. Akachukua mwiko wake wa kukorogea, akaondoka bila kuaga.

Mchanganyaji hana mtaji mwingine ila jina. Mwenye shamba alizunguka shamba kwa shamba: yule msimwite, atawaunguzia. Hawakumwita. Wiki ya tatu alionekana kwenye machimbo, mzee mzima anaponda kokoto na watu wa rika la wanawe.

"Kaka yangu ana makosa yake mengi," mke alisema. "Uongo haumo."

"Kwa hiyo majani ndiyo yanayosema uongo?"

Tangu siku hiyo akawa anamwekea mumewe chakula mezani, yeye anakwenda kula chake jikoni.

Mvua zikarudi. Machipukizi mapya yakatoka, na chini ya majani ukungu ukaanza kutambaa. Mwenye shamba akaamua kuchanganya mwenyewe. Pipa lilelile, mfuko uleule wa chokaa, vipimo vilevile ambavyo shemeji aliviandika kwa mkaa ukutani mwa stoo. Mwiko haukuwepo, akabandua ubao wa kreti akakorogea huo. Kisha akachovya kisu kipya, akahesabu hadi sitini bila kuruka hata moja.

Kikatoka kinang'aa. Ungeweza kujitazama meno.

"Kazi yenyewe ndiyo hii," akasema peke yake. "Dakika moja. Na jitu zima linashindwa."

Akauvuta ubao utoke pipani. Kwenye ncha yake ulibaki msumari mmoja wa chuma. Msumari ulikuwa mwekundu mpaka kichwani, mwekundu kama sufuria ya shaba.

Akausugua kwa kidole gumba. Akachovya kisu tena, akahesabu hadi mia.

Kinang'aa. Kisu kisichoijua kutu, na shaba hakiijui.

Mlango wa stoo ukaingia kivuli. Mkewe alikuwa amesimama kizingitini, kanga kaifunga kiunoni, mara ya kwanza kuja huko tangu kaka yake afukuzwe.

"Umechovya kisu?"

"Nimechovya."

"Kimetokaje?"

Akausukuma ubao kwa mguu mpaka nyuma ya pipa, akainua kisu juu ili mkewe akione vizuri.

"Kisafi," akasema.

Akangoja mkewe ageuke, mpaka aliposikia hatua zake zikifika jikoni. Ndipo akaongeza chokaa, makopo mawili.